Mtoto wa shule ya msingi na klabu ya michezo: majibu kwa barua za wazazi na walimu

Tulipowaomba wasomaji watuandikie kuhusu michezo ya watoto wa shule za msingi baada ya saa za masomo, tulitarajia maswali ya mpira wa miguu peke yake. Barua zilizokuja zinagusa mengi zaidi: ada, twisheni, mavazi ya mabinti, maradhi, umri wa kughushi, na makocha wasiofahamika vizuri. Nimechagua nane, nimezifupisha, na nimeyaondoa majina ya walioandika. Ninaanza na ile ambayo wazazi wengi wangeweza kuiandika.

Mwalimu, shikamoo. Mwanangu ana miaka saba, yuko darasa la pili, na anaupenda mpira kuliko chakula. Mtaani kwetu kuna akademi ya soka inayotoza ada kila mwezi. Kocha ameniambia kwamba mtoto akichelewa kuanza hatafika popote, kwamba lazima afanye mazoezi siku tano kwa wiki, saa mbili kila siku, na kwamba aache michezo mingine yote. Ninahofia kumnyima nafasi. Nifanye nini? – Mama, Mbagala, Dar es Salaam

Marahaba, mama. Mpeleke mwanao akacheze, lakini usimpeleke kwa masharti hayo. Mtoto wa miaka saba bado anajifunza kukimbia bila kujikwaa, kuruka na kutua kwa miguu miwili, kurusha, kudaka, kugeuka ghafla na kusimama. Hayo yote huyapata vizuri zaidi akicheza michezo mingi kuliko akicheza mmoja, na siku akija kuuchagua mpira wa miguu kwa dhati, mwili wake utakuwa umekwisha kuandaliwa na kuruka kamba, rede na mbio za kupokezana vijiti. Madaktari wa watoto wanaoshughulika na michezo hushauri kwamba saa za mazoezi ya kupangwa kwa wiki zisizidi idadi ya miaka ya mtoto, apate angalau siku moja au mbili za kupumzika kila wiki, na asifungwe kwenye mchezo mmoja kabla ya kufika miaka 15 hivi. Saa mbili kwa siku tano ni saa kumi; mwanao ana miaka saba. Mifupa ya mtoto bado inakua, na maumivu ya magoti na visigino kwa watoto wanaokaribia kubalehe mara nyingi hutokana na kurudia jambo lile lile kila siku bila mapumziko.

Kuhusu kuchelewa, usitishike. Alphonce Simbu alipata medali ya shaba ya marathoni ya dunia jijini London mwaka 2017, akaja kutwaa dhahabu Tokyo mwaka 2025 akiwa na umri wa miaka 33. Mchezo huo haufanani na soka, ninakubali, lakini hakuna mchezo wa mpira ambao mlango wake hufungwa mtoto akiwa darasa la pili.

Kabla ya kulipa ada, nenda ukatazame kipindi kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, ukiwa na saa mkononi. Ukikuta watoto 20 wamepangwa mstari mmoja, mpira ni mmoja, na kila mmoja anakokota kwa sekunde 15 kisha anarudi nyuma ya foleni, piga hesabu: zamu ya mwanao itafika kila baada ya dakika tano, na katika saa nzima atakuwa ameugusa mpira kwa dakika tatu tu. Dakika 57 zilizobaki utakuwa umelipia asimame juani. Kocha anayejua kazi yake huwagawa watoto hao wanne kwa wanne katika viwanja vidogo, huwapa mipira namba 3 iliyo mepesi kwa miguu yao, na hasemi sana. Sikiliza pia anavyowaita waliokosea. Kama anawatukana au anawacheka, rudi nyumbani na fedha yako.

Muulize kama klabu imesajiliwa. Vilabu vya michezo husajiliwa chini ya Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967, na afisa michezo wa halmashauri yenu ndiye wa kwanza wa kuulizwa kama anaifahamu. Dai stakabadhi kwa kila malipo, na usisaini karatasi yoyote inayosema kwamba mtoto ni mali ya akademi kwa miaka kadhaa ijayo. Mtoto wa umri huo hana cha kusainiwa.

Mwalimu, binti yangu yuko darasa la nne. Shule imeanzisha klabu ya riadha na netiboli Jumanne na Alhamisi jioni, lakini siku hizo hizo kuna twisheni kwa ajili ya mtihani wa taifa wa upimaji. Jirani zangu wote wamechagua twisheni. Mimi nimekwama. – Baba, Tabata, Dar es Salaam

Ndugu yangu, hofu yako ya mtihani ninaielewa. Hata hivyo, jaribu kumfuata binti yako kwa macho katika siku yake moja. Anaamka kukiwa bado giza, anapanda daladala amesimama, anakaa kwenye dawati hadi alasiri, kisha anahamia kwenye benchi lingine la twisheni, na usiku anakaa tena kufanya kazi za nyumbani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtoto wa kati ya miaka 5 na 17 apate kwa wastani dakika 60 kwa siku za kujishughulisha kwa nguvu kiasi cha kuhema na kutokwa jasho. Katika siku niliyoieleza, dakika hizo hazipo hata kumi.

Sikushauri uache masomo. Ninakushauri uongee na mwalimu wa twisheni na mwalimu wa michezo wakae pamoja, kwa sababu wote wawili wanamgombania mtoto mmoja na mara nyingi hawajawahi kuzungumza. Siku moja kati ya hizo mbili ikipewa michezo na nyingine twisheni, hakuna atakayepoteza. Ikiwa mwalimu wa twisheni anakataa kabisa, muulize kwa adabu ni somo gani hasa ambalo binti yako ni dhaifu, kwa maana watoto wengi hupelekwa twisheni ya masomo yote, wakati wanachohitaji ni msaada wa hesabu za sehemu au wa kusoma kwa ufahamu. Na uulize shuleni kama vipindi vya Sanaa na Michezo vilivyomo kwenye ratiba vinafundishwa kweli, au kila ikifika zamu yake vinamezwa na Hisabati. Wazazi wana haki ya kuuliza hilo kwenye mkutano wa shule, na ni vizuri waulize wakiwa wengi.

Kwa wasomaji wetu wa Tanga, Bagamoyo, Unguja na Pemba walioandika kwamba jioni watoto wao huwa chuoni kusoma Kurani: klabu inayojali watoto wa mtaa wake hupanga mazoezi Jumamosi na Jumapili asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mwombeni kocha abadili ratiba kabla hamjamwondoa mtoto chuoni au klabuni.

Mwalimu mwenzangu, nimepangiwa michezo katika shule ya msingi yenye mikondo mingi. Nina mpira mmoja, uwanja wenye mteremko, na filimbi. Mkuu wa shule ananiunga mkono lakini fungu la michezo ni dogo mno. Ninataka kuanzisha klabu ya jioni. Nianzie wapi? – Mwalimu, Handeni, Tanga

Barua yako imenifurahisha kuliko zote, mwalimu, na nitakujibu kwa urefu, kwa kuwa najua mko wengi katika hali yako.

Anza na watoto 40, usianze na shule nzima. Wachague kwa utaratibu ambao kila mtu anauona, kwa mfano darasa la tatu na la nne kwa muhula huu, la tano na la sita kwa muhula ujao, na usiwachague kwa kasi ya mbio. Ukichukua wale wenye kasi tu utakuwa umeunda timu ya shule, jambo ambalo ni zuri pia, lakini yule mtoto mnene, yule anayevaa miwani na yule aliyehamia mwezi uliopita watajifunza kwamba michezo si yao, na wakishajifunza hilo wakiwa na miaka tisa ni kazi kubwa kuwarudisha.

Kabla ya siku ya kwanza, andika barua fupi kwa wazazi kupitia kwa mkuu wa shule: siku gani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, nani anasimamia, na swali moja la kujibiwa kwa maandishi, kwamba je, mtoto ana maradhi yoyote tunayopaswa kuyajua? Ipeleke pia kwenye kamati ya shule ili isije ikasemwa baadaye kwamba ulikuwa unawachelewesha watoto kwa shughuli zako. Mazoezi yaishe mapema kiasi kwamba mtoto anayekaa mbali afike nyumbani jua likiwa bado juu.

Vifaa usivisubiri. Handeni hamkosi kamba za katani. Mbili ndefu zinatosha watoto 20 kuruka. Chupa za maji zilizojazwa mchanga nusu ndizo koni zako. Vifuko vya kitambaa vilivyoshonwa na kujazwa maharage au mchanga ni vya kurusha na kudaka, na mtoto anayeogopa mpira haviogopi, kwa sababu vikimpata havimuumizi. Matairi chakavu ni ya kurukia ndani na nje. Fimbo laini zilizokatwa sawasawa ni vijiti vya kupokezana. Huo mpira wako mmoja uufanye kituo kimoja kati ya vitano.

Sasa kipindi chenyewe kinaweza kwenda hivi. Watoto wakifika, usiwapange mstari. Waanze mara moja kukimbizana, kundi moja limefunga vitambaa kiunoni na jingine linavinyang'anya, kwa dakika kumi, na hapo miili imekwisha kupata moto bila hotuba. Kisha wagawe makundi matano ya watoto wanane. Kundi la kwanza linaruka kamba, la pili linarusha vifuko kulenga tairi, la tatu linacheza mpira wanne kwa wanne, la nne linapokezana vijiti kuzunguka chupa, la tano linacheza rede. Kila baada ya dakika saba unapuliza filimbi na makundi yanahama. Weka kiongozi mmoja wa darasa la sita kwenye kila kituo, umfundishe siku moja kabla. Utashangaa jinsi mtoto mtundu aliyepewa daftari la mahudhurio anavyogeuka kuwa msaidizi. Mwishoni watoto wakae kivulini, wanywe maji, na uwaulize kituo gani kirudiwe wiki ijayo. Uwanja wenye mteremko ni mzuri kwa mbio za kupanda. Usiutumie kwa mbio za kasi za kushuka.

Kuhusu mashindano baina ya makundi, yawepo, kwani watoto wanayapenda, ila jumlisha pointi za kundi zima badala ya kumtangaza wa kwanza peke yake. Shirikisho la riadha la dunia limejenga mpango wake wa watoto juu ya msingi huo huo: timu za mchanganyiko, vituo vingi, na hesabu ya pamoja. Na jirani zetu wa Nairobi wana mfano ambao ningependa kila mwalimu aufahamu. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilizipa timu za watoto pointi za ligi kwa kusafisha mitaa yao na kuzoa taka, pamoja na pointi za kushinda mechi. Timu ikikosa kufika kwenye usafi, inapungukiwa kwenye msimamo. Shule yako ina bustani, ina kisima au vyoo. Unaweza kulitumia wazo hilo bila kutoa shilingi.

Mambo matatu ya usalama usiyaachie bahati. Magoli ya chuma yanayohamishika yafungwe ardhini kabisa, maana watoto huning'inia kwenye mlingoti wa juu na goli likimwangukia mtoto linaua. Mtoto aliyegongwa kichwa akaduwaa, akatapika au akasahau alipo, asirudi uwanjani siku hiyo hata akilia kwamba yuko sawa. Mzazi aitwe na apelekwe kituo cha afya. Na radi ikianza kunguruma, wote waondoke uwanjani, wala wasikimbilie chini ya mti.

Ukitaka kusonga mbele zaidi kitaaluma, Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kilichoko mkoani Mwanza hufundisha walimu na makocha. Mwulize afisa michezo wa halmashauri kuhusu nafasi na utaratibu wa kuruhusiwa na mwajiri.

Mwalimu, binti yangu alikuwa hodari wa netiboli hadi alipofika miaka 11. Sasa hataki tena. Bibi yake anasema msichana aliyevunja ungo hakimbii uwanjani na sketi fupi mbele za watu, na baba yake yuko upande wa bibi. Mimi ninaona mtoto anajifungia ndani na simu. – Mama, Kilwa, Lindi

Dada yangu, huyo bibi ana hoja moja ya kweli na inabidi iheshimiwe: mavazi. Msimbishie kwa habari ya netiboli. Mwambieni kwamba binti atavaa suruali ndefu pana na fulana ya mikono mirefu, na hijabu iliyobanwa vizuri isiyo na pini. Sheria za soka duniani zimeruhusu rasmi hijabu tangu mwaka 2014 na za mpira wa kikapu tangu mwaka 2017, sembuse klabu ya mtaa. Klabu inayomlazimisha mtoto kuvaa sketi fupi kwenye mazoezi haina sababu yoyote ya kimichezo ya kufanya hivyo.

Lakini mimi ningemuuliza binti mwenyewe kwanza, mkiwa wawili, mkifanya kazi ya jikoni na si kwa kumkalisha kitako kama kesi. Wasichana wengi wa umri huo huacha michezo kwa sababu ambazo hawazisemi mbele ya bibi wala baba. Huenda uwanjani hapana choo chenye mlango. Huenda aliwahi kuchafuka sare siku ya mazoezi na wavulana wakacheka. Huenda matiti yameanza kuota, hana sidiria inayomfaa, na kukimbia kunamuuma na kumtia haya. Kila moja ya hizo ina dawa yake ya gharama ndogo: pedi na kanga ya akiba ndani ya mfuko, sidiria ya kubana, suruali ya rangi nyeusi, na zaidi ya yote mwanamke mmoja mtu mzima anayekuwepo uwanjani kila kipindi. Kama klabu haina kocha mwanamke, akina mama wawili wa mtaa wapeane zamu za kukaa pale na ushonaji wao. Hawalazimiki kujua kanuni za mchezo. Hedhi yenyewe haimzuii msichana kucheza. Akijisikia vizuri acheze, akiumwa tumbo apumzike.

Kwa baba yake, mkumbushe mwaka 2022, wasichana wetu wa umri chini ya miaka 17, Serengeti Girls, walipocheza Kombe la Dunia nchini India na kufika robo fainali. Wasichana hao nao walikuwa na miaka 11 siku moja, na nyuma ya kila mmoja alikuwepo mtu mzima aliyemruhusu kutoka nyumbani.

Shikamoo mwalimu. Mjukuu wangu ana selimundu, ambayo wengi tunaiita sikoseli. Ana miaka tisa na kila jioni analia akiwaona wenzake wakienda mazoezini. Nimruhusu? – Bibi, Morogoro

Ni mimi ninayepaswa kukuamkia, bibi: shikamoo. Jibu la kwanza atalitoa daktari wa kliniki anayemhudumia, kwa kuwa watoto wenye selimundu hawalingani, na yeye ndiye anayejua kiwango cha damu yake na historia ya maumivu yake. Lakini muulize daktari swali hilo waziwazi, usisubiri akuambie, maana wengi wao huruhusu michezo ya kiasi.

Akiruhusiwa, kocha lazima ajulishwe ana kwa ana. Maumivu ya selimundu huchochewa na upungufu wa maji mwilini, baridi na kuchoka kupita kiasi. Kwa hiyo mtoto awe na chupa yake ya maji na anywe kila mara bila kuomba ruhusa, asikimbizwe mbio ndefu wala kuadhibiwa kwa kuzunguka uwanja, asiachwe na nguo mbichi za jasho au mvua, na apumzike anapotaka yeye. Akilalamika maumivu ya mifupa, kifua au tumbo upande wa kushoto, akishindwa kupumua vizuri au akiwa na homa, ni hospitali mara moja. Katika vituo nilivyomweleza mwalimu wa Handeni hapo juu, mjukuu wako anaweza kulenga tairi kwa vifuko na kuhesabu pointi akiwa mchezaji kamili.

Wazazi wa watoto wenye pumu nao wamo katika jibu hili: mtoto acheze, lakini pampu yake iwe mfukoni kwa kocha, si ndani ya begi lililofungiwa darasani.

Mwalimu, mwanangu ana kipaji na atatimiza miaka 14 mwaka huu. Kiongozi mmoja wa timu ameniambia tukipunguza miaka miwili kwenye cheti cha kuzaliwa atacheza UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, na kuonekana. Anasema kila mtu anafanya. – Baba, Mwanza

Usifanye. Kughushi cheti kinachotolewa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi, ni kosa la jinai, na atakayeitwa kujieleza ni wewe, maana huyo kiongozi hataweka saini popote. Tena kipaji kinachoonekana kwa kucheza na watoto wadogo si kipaji kinachopimika: kijeba wa miaka 14 anawapita wa miaka 12 kwa urefu na nguvu tu, na akipelekwa kwa wenzake wa umri halisi hana cha ziada. Na ikitokea amefika mbali kweli, mashindano ya vijana ya FIFA ya chini ya miaka 17 hutumia picha za MRI za kifundo cha mkono kuwabaini waliozidi umri tangu mwaka 2009, na hapo aibu huwa ya nchi nzima.

Kuna pia mtoto wa miaka 12 ambaye nafasi yake ingechukuliwa. Huyo hajakuandikia barua, lakini yupo, na anafanya mazoezi kwenye uwanja ule ule. Mwanao akiingia sekondari, njia yake ni UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, na klabu za mtaa zinampokea hata leo kwa umri wake wa kweli.

Mwalimu, kocha wa klabu ya mtaani kwetu anapendwa na kila mtu. Amemnunulia mwanangu wa miaka kumi raba mpya, anamtumia ujumbe usiku kupitia simu yangu ya zamani niliyompa mtoto, na sasa ameomba alale kwake Jumamosi kwa sababu wataondoka alfajiri kwenda mashindanoni. Mume wangu anasema nisimvunjie mtu heshima. Moyo wangu umekataa. – Mama, Kigamboni, Dar es Salaam

Mama, usimruhusu mtoto kulala huko. Simjui kocha huyo na simhukumu, wala wewe huhitaji kumhukumu ili ukatae. Sema kwa upole kwamba mtoto atalala nyumbani na wewe mwenyewe utamleta kituoni hiyo alfajiri. Kocha mwema atasema sawa na kuendelea na shughuli zake. Akianza kubembeleza, kukasirika, kumtumia mtoto akushawishi au kutishia kumweka benchi, amekupa sababu ya kumtoa mtoto klabuni kabisa.

Ninalisema hili kwa uzito wote nilio nao, kwa sababu mtu anayetaka kumdhuru mtoto mara nyingi hutanguliza wema: zawadi, siri ndogondogo, lifti, maneno ya usiku, kisha safari ya peke yao. Naye huwa amekwisha kuwavuta wazazi upande wake muda mrefu kabla. Kwa hiyo utaratibu wa klabu usitegemee kama kocha ni mtu mzuri au mbaya; uwe mmoja kwa wote. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto mmoja, iwe ofisini, kwenye gari au chumba cha kubadilishia nguo. Mawasiliano yapitie kundi la wazazi. Zawadi zigawiwe kwa timu nzima na hadharani. Safari iwe na watu wazima wawili au zaidi, mmoja wao mzazi, na wasichana wanaposafiri awepo mwanamke. Kumpiga mtoto au kumshika kwa namna inayomtia haya kusiitwe nidhamu. Yaandikeni haya kwenye karatasi moja, yasomwe mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na makocha wote wasaini.

Zungumza na mwanao bila kumtisha. Muulize anacheza nini na kocha wakiwa peke yao, na kama kuna jambo aliloambiwa asikwambie. Akikueleza jambo, usipige kelele wala kumlaumu, na usiende kupambana na mtu huyo wala kukubali mambo yamalizwe kifamilia. Piga simu 116, namba ya huduma kwa mtoto isiyotozwa malipo, au nenda kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Na kama hakuna kilichotokea, kama ninavyoomba iwe, chukua ile simu na mwombe radhi mumeo kwa usumbufu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi amlinde mtoto, na inamtaka pia ampe nafasi ya kucheza, kwa hiyo mtafutieni klabu nyingine asije akaadhibiwa yeye.

Shikamoo. Mimi niko darasa la tano, naishi Ilala. Napenda basketi lakini shuleni kwetu kuna mpira wa miguu tu. Nitaanzaje? – Mwanafunzi, Dar es Salaam

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa mwandiko mzuri. Pale Kidongo Chekundu, Gerezani, kuna bustani ya michezo ya vijana ya JMK iliyofunguliwa mwaka 2015, yenye viwanja vya mpira wa kikapu. Mwombe mama au baba mwende pamoja siku ya mwisho wa wiki, waulize siku za watoto wa umri wako ni zipi, nani anafundisha, na kama kuna malipo. Usiende peke yako, barabara za Kariakoo unazijua.

Wakati mnasubiri, tafuta mpira wowote unaodunda, udundishe kwa mkono wa kulia kisha wa kushoto bila kuutazama, ukitembea, baadaye ukikimbia. Ukifika uwanjani ukaona goli liko juu mno, usione haya: watoto wa umri wako huchezea goli la mita 2.60 na si la mita 3.05 la watu wazima, na mpira wao ni namba 5. Mwambie kocha akushushie, au akutafutie la chini. Na kama shuleni kwenu wako wengine wanne wanaopenda basketi, andikeni majina yenu kwenye karatasi na mumpelekee mwalimu wa michezo. Watano ni timu.